Upungufu wa G6PD, wa Waarabu au wa Wapemba?

Swali: "Assalaam alaykum mtaalamu. Mie niko Wete, mke wangu kwao Mjini Unguja, na kwao ni watu wenye nisba ya Oman. Mtoto wetu wa kiume siku ya tatu akawa manjano macho mpaka nyayo, akawekwa kwenye taa, wakampima wakasema ana upungufu wa G6PD. Sasa nyumbani ni mabishano. Mama mkwe anasema maradhi haya ya Pemba, kwetu wanasema ya Waarabu maana Oman ndo yamejaa. Nimeingia intaneti nakuta Oman 25%, pahala pengine Oman hiyohiyo 10%, pengine 8%, kila mtu na namba yake. Nani mkweli, na hizi namba za kabila hili na lile zinalinganishwa vipi?"

Waalaykum salaam ndugu yangu. Hongera kwa mtoto na pole kwa siku zile za taa, kumuangalia mtoto wa siku tatu kafungwa macho anamulikwa si jambo la kumtakia mtu.

Kabla sijagusa asilimia yoyote kuna kitu kimoja lazima nikwambie, maana ungenisoma mpaka mwisho hujakipata ungenilaumu. G6PD ni enzaimu inayozilinda chembe nyekundu za damu zisipasuke, na jeni yake ipo kwenye kromosomu X. Mwanamke ana X mbili, mwanamme ana X moja na Y moja. Mtoto wa kiume ile Y kapewa na baba, na X yake moja tu kapewa na mama. Kwahiyo hii ya mwanao, karibu mara zote, imepita kwa mkeo. Wewe kwa mtoto huyu humo kabisa, hata ukoo wako wote wa Wete na Mtambwe ungekuwa nayo isingemfikia huyu kijana kupitia kwako.

Lakini usiwahi kumpigia simu mama mkwe, sijamaliza. Mkeo ana X mbili, moja ya babake na moja ya mamake. Ya babake ndo hiyo ya upande wa watu wenye nisba, ingawa nae kapewa na mamake. Ya mamake je? Huyo mama mkwe wako anaesema maradhi ya Pemba, mamake yeye kwao wapi? Na bibi wa huyo? Familia ngapi za Mjini ukipanda ngazi mbili tatu upande wa kikeni unamkuta bibi wa Makunduchi, wa Donge, wa Chake, au alotoka bara kabisa. Hizo namba ulizoziona kwenye intaneti haziwezi kukwambia ni X ipi kati ya hizo mbili. Hapo kuna kipimo chake, ntakifikia.

Sasa tuje kwenye namba, maana swali lako la pili ni zuri kuliko la kwanza.

Oman walifanya uchunguzi wa nchi nzima wa maradhi ya damu ya kurithi, majibu yake yakachapishwa 2003. Wakakuta upungufu wa G6PD kwa wanaume 25%, kwa wanawake 10%. Kwahiyo zile mbili ulizoziona zote kweli, ni uchunguzi mmoja, watu walewale, ila mmoja kaandika ya wanaume na mwengine ya wanawake, na wakati mwengine mtu anachukua zote mbili anazichanganya anapata kitu kama 17 au 18, basi hapo umeshapata Oman tatu tofauti na hakuna alosema uongo. Ile 8% ni kitu chengine kabisa, hiyo inatoka kwenye ramani ya dunia ilochapishwa 2012, kazi ilioongozwa na Rosalind Howes, na ni wastani wa nchi zote zenye malaria, kuanzia Afrika mpaka Asia mpaka Amerika ya Kusini. Wastani wa namna hiyo ndani yake kuna pahala karibu hakuna kitu na pahala robo ya wanaume wanayo. Kuchukua Oman ya wanaume ukaiweka pembeni ya wastani wa dunia halafu ukasema "ona Waarabu walivyozidi" si kulinganisha huko.

Na ramani hiyohiyo ukiiangalia, maeneo mawili yanayong'ara ni ukanda wa tropiki wa Afrika na rasi ya Uarabuni. Yaani pande zote mbili zinazogombana kwenye sebule yenu ndo zile zinazoongoza duniani. Ni mabishano ya wawili wenye madeni sawa.

Kwa nini wanaume na wanawake wapishane? Hii ndo inawapiga chenga hata wanafunzi wangu. Mwanamme ana X moja, ikiwa na kasoro basi ana upungufu, hakuna ya kumsaidia. Kwahiyo asilimia ya wanaume wenye upungufu ndo kiwango chenyewe cha aleli mbovu, yaani ile sura ya jeni yenye kasoro, kwenye jamii, moja kwa moja, huna haja ya hesabu. Mwanamke anahitaji zote mbili ziwe na kasoro ndo awe na upungufu kamili, na nafasi ya hilo ni kiwango kuzidisha kwa chenyewe. Kama wanaume ni 25%, robo mara robo unapata 6 na kitu katika mia. Wanaobeba moja tu wanakuwa 37 au 38 katika mia, yaani zaidi ya theluthi ya wanawake, na wengi wao hawajui.

Lakini Oman wamekuta 10 sio 6. Ile nyongeza inatoka wapi? Sababu mbili, na zote nazipenda kwa vile zinaonesha jamii inavyoishi. Moja, ndoa za watoto wa ami na wa mjomba, ambazo kule ni nyingi na kwetu zipo, zinaongeza nafasi ya msichana kupata aleli ileile kutoka pande zote mbili. Pili, mwanamke mwenye X mbili kila seli yake inaizima moja, Mary Lyon alilieleza hilo 1961, na kuzimwa huko ni bahati nasibu, kwahiyo mwanamke mwenye aleli moja mbovu anaweza akawa nusu ya chembe zake nzima nusu mbovu, au robo tatu mbovu, na akiangukia huko kipimo kitamsoma mgonjwa ingawa kwa hesabu ni mbebaji tu. Kwahiyo ukitaka kulinganisha jamii mbili kwa jeni ya aina hii linganisha wanaume kwa wanaume. Ukikuta andiko limechanganya bila kusema wanaume wangapi wanawake wangapi, liweke pembeni.

Kipimo chenyewe nacho kina mambo yake. Kile cha haraka cha kung'aa chini ya taa kinamkamata mtu ambae enzaimu yake imeshuka chini ya kama 30% ya kawaida. Mwanamke mwenye 50% anapita anaambiwa mzima. Halafu aina ya upungufu ya Kiafrika, ntaieleza mbele, ina tabia moja: chembe nyekundu changa zina enzaimu ya kutosha, inapungua kadri chembe inavyozeeka. Mtu akishapasukiwa damu, zile nzee ndo zilokufa, zilobaki changa, ukimpima siku hiyo anaonekana hana tatizo. Ndo maana mtoto alopimwa katikati ya manjano makali akaambiwa yuko sawa, inatakiwa arudiwe baada ya kama miezi mitatu. Na akiwa ameongezewa damu ndo kabisa, unampima alotoa damu sio mtoto. Wako amesomeka ana upungufu wakati huohuo, basi hapo sina wasiwasi na jibu. Ila fikiria sasa utafiti mmoja umepima enzaimu kwa wagonjwa spitali, mwengine umesoma DNA kwa watoto wa skuli, halafu mtu anakuja kuchora grafu moja ya makabila mawili.

Na wangapi wamepimwa? Chukua mfano wa kubuni. Nimepima wanaume 40 wa kijiji kimoja nikakuta 6, nikaandika 15%. Kwa hesabu za takwimu, ukweli wa kijiji kile unaweza kuwa popote kuanzia kama 7 mpaka 29 katika mia. Jirani kapima 40 kwake akakuta 4, akaandika 10%. Mtu wa mtandaoni ataandika kijiji cha kwanza kimezidi kwa nusu nzima, kumbe tofauti yenyewe ni watu wawili, siku nyengine ya kupima ingegeuka. Ningepima 400 nikakuta 60 ni 15% ileile lakini sasa nna uhakika iko baina ya 12 na 19, hapo ndo tunaweza kuongea. Na hata 400 hao wawe watu mbalimbali, sio nimekwenda visiwani nikakaa kwenye skuli moja ambayo nusu ya watoto ni ndugu, maana ukipima ndugu kumi umepima kama watu watatu wanne tu, wengine ni marudio ya X zilezile. Pemba kwa ukoo zinavyoshikana hili si la kupuuza. Na ukichukua sampuli wodi ya watoto wenye manjano utapata namba kubwa ya kutisha, kwa sababu ndo ilowaleta pale.

Haya, haya yote ni ufundi, mtu akijitahidi anayarekebisha. Kuna moja ambalo kwetu Zanzibar halirekebishiki kirahisi, nalo ni hilo neno "kabila" lenyewe.

Ili nilinganishe Waarabu na Wapemba lazima kwanza niwagawe. Nagawa vipi? Nikimuuliza mtu atanambia analojiita. Sawa, ila kujiita kwa visiwa hivi kuna historia. Waingereza walihesabu watu 1924 wakahesabu tena 1931, na baina ya sensa hizo mbili idadi ya walojiandikisha Waswahili iliporomoka vibaya, wakaongezeka majina mengine. Watu hawakufa wala hawakuhama. Ni miaka 7 tu, jeni haiwezi kubadilika kiasi hicho kwa miaka 7, walobadilika ni majina kwenye daftari. Fikiria mtaalamu wa wakati ule angepima damu mwaka wa kwanza na mwaka wa mwisho, angetangaza kwamba maradhi fulani yamepungua kwa Waswahili na yamepanda kwa Washirazi, na angekuwa na jedwali la kuonesha. Sensa za Tanzania tangu baada ya ile ya 1967 haziulizi kabila, wengine wanaona ni hasara kwa utafiti, mie naona tumeepushwa na mengi.

Halafu kuna jengine ambalo kwa G6PD ndo kiini cha jibu langu. Kwetu mtu anahesabiwa kwa baba. Nisba inakuja kwa baba, al-fulani bin fulani, mtoto wa Mwarabu ni Mwarabu hata mamake awe Mnyamwezi, na zama za usultani watoto wa masuria walikuwa wanabeba jina la baba na heshima yake. Yaani jina linasafiri pamoja na ile kromosomu Y. Jeni tunayoizungumzia inasafiri kwenye X. Mwanamme wa Kizanzibari hana hata chembe ya X ya babake. Kwahiyo ukichukua wanaume 100 ukawagawa kwa nisba zao halafu ukawapima G6PD, umewapanga kwa baba ukawapima kwa mama. Mtu anaitwa kwa ukoo wa Nizwa au Rustaq na X yake yote imetoka kwa bibi wa Kojani, na jirani yake anajiita Mpemba halisi na X yake inatoka kwa mamake ambae babake ni Mmanga alokuja na jahazi kuuza samaki mkavu. Asilimia utakayoipata ni ya kweli kama namba, lakini haimaanishi ulichokiandika juu ya safu.

Hili sio la kufikiria tu, limeonekana kwenye mifupa. Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha DNA ya watu 80 walozikwa miji ya pwani yetu, Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara na kwengineko, kazi ilokuwa na watu kama Chapurukha Kusimba, Esther Brielle na David Reich. Walichokuta: kwa wengi wao nusu ya vinasaba au zaidi ni vya Afrika, na hivyo vimetoka hasa kwa kina mama. Sehemu kubwa ya vilobaki ni ya Asia, na baina ya 80 na 90% ya hiyo ya Asia ilitoka kwa wanaume wa Uajemi, mchanganyiko ulianza kama mwaka 1000. Baada ya 1500 hivi ya Uarabuni ndo ikazidi kuingia. Kwahiyo wazee walokuwa wakisema tumetoka Shirazi hawakuwa wakisema hadithi tupu, na walokuwa wakiwacheka nao hawakukosea kwamba nyumba ni ya Kiafrika, kila mmoja alikuwa anahesabu kwa mzazi wake.

Sasa ona inavyoathiri hesabu yetu. Wakija wanaume wageni wakaoa wenyeji, mtoto wao kwa kromosomu za kawaida ni nusu kwa nusu. Kwa X haiko hivyo. Binti anapata X moja ya mgeni na moja ya mwenyeji, kijana anapata ya mwenyeji peke yake, ukizikusanya katika kila X tatu mbili ni za kina mama. Kwahiyo mtu anaweza kwenda kupima asili yake kwa hivi vipimo vya kutema mate akaambiwa wewe nusu Mwarabu, akadhani na X yake ni nusu, sivyo. Pwani yetu X imebaki Afrika zaidi kuliko kromosomu nyengine, ni lazima iwe hivyo kwa historia ile. Watafiti wanaokadiria hatari ya G6PD kwa kutumia asilimia ya uasili wa jumla wanakosea hapa, na sijui kwa nini jambo rahisi hivi linasahaulika kila siku.

Turudi kwa mkeo. Ninavyosema "upungufu wa G6PD" ni kama kitu kimoja, na sicho. Kuna aina nyingi, mbili ndo zinatuhusu. Ile ya Afrika inaitwa A-, ina herufi mbili za DNA zilobadilika, pahala 202 na pahala 376, enzaimu inabaki baina ya 10 na 60% ya kawaida. Ile inayoitwa Mediterranean, ya pahala 563, inashusha enzaimu chini ya 10% na ndo kali zaidi, ndo hiyo inayotawala Oman na nchi za huko. Lakini Oman hiyohiyo A- ipo pia, na imefika vipi mtu wa Zanzibar hahitaji kuelezwa, majahazi hayakuwa yanakwenda upande mmoja.

Kwahiyo jibu lako la "imetoka upande gani" linakaribia hapa: mtoto akisomwa DNA, ikionekana 563, basi njia inaelekea Uarabuni, Uajemi au Bara Hindi. Ikionekana 202 na 376 njia inaelekea Afrika, ingawa inaweza ikawa ilikwenda Muscat ikakaa karne mbili ikarudi na meli kama mtu na heshima zake. Na hata hapo ni asili ya kipande kimoja cha kromosomu moja, sio ya familia.

Hapa kuna hatari moja ya kivitendo. Vipimo vya DNA vya bei nafuu vinavyoletwa Afrika vingi vinaangalia 202 peke yake, maana walotengeneza wanajua Afrika ni A-. Mtu wa Mjini mwenye 563 anapita salama, anaandikiwa hana, anapewa dawa zinazoweza kumpasulia damu. Na hata ndani ya Afrika haifanyi kazi kila pahala: Senegal na Gambia walikuwa wanahesabika kuwa na upungufu mdogo wa A- kwa kuwa 202 ni adimu kule, mpaka watu walipotazama pahala 968 wakakuta ndo iliojaa, nayo pia ikiwa na 376 inaleta upungufu. Kwahiyo jedwali la "jeni hii Afrika Magharibi ni chache" lilikuwa linasema tu kwamba hatujaangalia panapotakiwa.

Mfano wa maziwa unafanana na huu na hauna uchungu wa maradhi. Watu wazima wanaoweza kunywa maziwa bila kuharisha, Ulaya wana badiliko la DNA la pahala -13910. Waarabu wa rasi wana lao, -13915. Wafugaji wa Tanzania na Kenya wana -14010, liloelezwa 2007 na timu ya Sarah Tishkoff. Ukimpima Mmasai kwa kipimo cha Mzungu utamkatalia maziwa alokulia.

Na tukiuliza kwa nini A- na Mediterranean zimekuwa nyingi zilipo, jibu si kabila, ni mbu. Aleli hizi zinampa mtu ahueni fulani dhidi ya malaria kali, kama ilivyo seli mundu, kwahiyo pahala palipokuwa na malaria karne kwa karne zimebaki. Mfano safi ni kisiwa cha Sardinia cha Italia, uliandikwa 1961: vijiji vya bondeni kwenye malaria upungufu umejaa, vijiji vya mlimani pasipo malaria ni mdogo, na ni watu wamoja, lugha moja, kanisa moja. Ungegawa kwa kabila usingeona kitu. Oman yenyewe ilikuwa na malaria, Pemba na Unguja usiseme. Sasa hivi Zanzibar malaria imeshuka chini ya 1% kwa miaka mingi na watu wananiuliza mbona upungufu haujaondoka, hauondoki kwa haraka, jeni inahesabu vizazi haihesabu miaka ya vyandarua.

Nimalizie hili la intaneti. Ukitafuta kwenye zile hazina kubwa za wazi za DNA, andika rs1050828 ndo ile 202, na rs5030868 ndo 563. Utaona safu imeandikwa "Afrika". Angalia ndani yake kina nani. Mradi wa 1000 Genomes una watu 2504 wa jamii 26, na kwa Afrika Mashariki yote ni Waluhya wa Webuye, Kenya, peke yao, walobaki ni Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, Waesan, Wamende, watu wa Gambia na Wamarekani weusi na wa Barbados. Hamna Mpemba humo, hamna Mtumbatu, hamna Mswahili wa pwani. Kusema "Waafrika wana kiasi fulani" halafu ukamshushia mtu wa Wete ni kumpa matokeo ya Ibadan.

Haya, la kufanya. Kwa mtoto: kadi yake ya kliniki iandikwe G6PD kwa kalamu isofutika, na kila anaemtibu aambiwe kabla ya dawa. Za kuogopwa zaidi ni primakwini, dapsoni, nitrofurantoini na methilini ya buluu. Vile vidonge vyeupe vya naftalini vinavyowekwa kwenye masanduku ya nguo visikae karibu na nguo wala mablanketi yake, hivi vimeshaumiza watoto wengi. Na hina, najua arubaini inakuja na mabibi watataka kumpaka mikono, msikubali kabisa, hina kwa mtoto mchanga mwenye upungufu inaweza kumpasulia damu, imeandikwa mara nyingi kwenye nchi za Kiarabu ambako desturi ni hiyohiyo. Akikua asile maharage mapana yale ya ful, na mama anaenyonyesha nae ajizuie. Mkojo ukiwa rangi ya chai ya rangi au kokakola, au akipauka ghafla, usingoje asubuhi.

Kwa mkeo: kama ana aleli moja, kila mtoto wa kiume atakaekuja ana nusu ya nafasi ya kuwa nayo, na kila wa kike nusu ya nafasi ya kubeba. Kama kuna mabinti nyumbani sasa hivi wapimwe, na kwa wao kipimo cha kung'aa hakitoshi, iombwe ya kupima kiasi cha enzaimu au DNA yenye 202 na 563 zote mbili. Halafu dada zake, hasa wanaotarajia kuzaa, maana wao wanaweza kuwa wanabeba X hiyohiyo. Waambiwe mapema wamwambie mkunga siku ya kujifungua kwamba kuna G6PD kwenye familia, mtoto aangaliwe rangi siku tano za mwanzo asirudishwe nyumbani siku ya pili. Khalati zake vilevile, kama bado wana uzazi, na watoto wao wa kike.

Upande wako hakuna wa kumpima kwa ajili ya mtoto huyu. Kama unataka kujua yako mwenyewe kabla hujapata binti pima, ni haki yako, maana binti X yako ataichukua yote kama ilivyo.